Presha Anayoishikilia Mwenyewe: Dawa za Usingizi kwa Mgonjwa wa Valvu ya Moyo Iliyoambukizwa

Wenzangu wa idara ya usingizi, wapasuaji, wataalamu wa mashine ya moyo na mapafu, wauguzi wa chumba cha upasuaji na wa ICU, na vijana mlio masomoni: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Najua wengi mmetoka zamu ya usiku, kwa hiyo sitazunguka. Nazungumzia mgonjwa ambaye valvu yake ya moyo imeliwa na vijidudu, anayetakiwa kufunguliwa kifua akiwa bado ana homa, dozi ya antibiotiki haijafika hata nusu, na mara nyingi hawezi kulala chali kwa sababu mapafu yamejaa maji.

Kwa desturi yetu, mgonjwa mwenye maambukizi makali tunamwahirisha mpaka atulie. Huyu hatuna ruhusa hiyo. Analetwa mezani kwa mojawapo ya sababu tatu. Valvu inavuja kiasi kwamba moyo umeshindwa kazi. Au vijidudu havidhibitiki, mathalani vimechimba jipu pembeni ya valvu, au ni fangasi. Au kile kibonge cha vijidudu na damu iliyoganda kinachoning'inia kwenye valvu, vejetesheni, kimezidi milimita 10 na kinatishia kumeguka na kwenda kwenye ubongo. Zote tatu huzidi kuharibika kwa kungoja. Mwenye maji ya mapafu yasiyosikia dawa, au ambaye presha imeporomoka kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu, miongozo ya Ulaya ya 2023 inataka afanyiwe upasuaji ndani ya saa 24. Wenye dharura ya kiwango cha pili, ndani ya siku 3 hadi 5.

Tuanze na namba iliyo kwenye monita. Mgonjwa anaingia na presha ya 105 kwa 45, mapigo 112. Daktari kijana anaiona presha ipo, anashusha pumzi. Presha hiyo inashikiliwa na mgonjwa mwenyewe. Adrenalini ya mwili wake imekaza mishipa na kuukimbiza moyo, anahema kwa nguvu kuondoa asidi, ameketi wima ili damu isirudi yote kwenye mapafu. Dawa zetu huzima hayo yote ndani ya dakika moja, na sisi hao hao tunamlaza chali. Kwa hiyo kazi yetu naiona hivi: kila kitu tutakachomnyang'anya, cha kushika nafasi yake kiwe kimeshawekwa. Yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Mgonjwa huyu hapa kwetu Dar es Salaam ana sura yake. Mara nyingi ni kijana, na valvu iliharibika tangu utotoni kwa homa ya baridi yabisi iliyoanza na maambukizi ya koo. Wengine wana valvu ya bandia. Wengine wako kwenye kusafishwa damu kwa katheta iliyokaa muda mrefu shingoni. Wapo pia waliojidunga dawa za kulevya. Hao huathirika zaidi valvu ya kulia, trikuspidi, na mji huu unawajua, kwani kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilianza mwaka 2011. Wengi wamepita duka la dawa mara kadhaa kabla ya kufika hospitali kubwa, wamemeza antibiotiki nusu nusu, na kipimo cha kuotesha damu kinarudi bila kuonyesha kitu. Jibu hilo lisimdanganye mtu kwamba damu ni safi.

Kwa mtu wa usingizi, baridi yabisi ina maana nzito: valvu moja imebana na nyingine inavuja, ndani ya moyo mmoja. Nitalirudia hilo baada ya kusema ya kumpima.

Kipimo ninachokiomba kwanza ni ECG, mchoro wa umeme wa moyo, ya leo. Ya juzi haitoshi. Jipu la valvu ya aota, mshipa mkuu utokao kwenye moyo, huchimba kuelekea njia ya umeme wa moyo, na dalili ya mapema ni nafasi ya PR, muda wa umeme kutoka chemba za juu hadi za chini, kurefuka kupita milisekunde 200. Aliyekuwa na 160 Jumatatu na 230 Jumatano ana jipu mpaka ithibitike vinginevyo, na anaweza kuziba umeme kabisa mkononi mwako wakati wa kumlaza, yaani kumpa dawa za usingizi. Huyo avalishwe pedi za nje za kuchochea moyo na kushtua kabla hajapewa dawa yoyote, moja mgongoni, kwa sababu kifua kitapakwa dawa na kufunikwa.

Ubongo upigwe CT. Tunakwenda kumpa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa dozi kamili, na vipande vya kibonge huingia kwenye ubongo hata kwa mtu ambaye hajalalamika lolote. Kiharusi kidogo cha kuziba mshipa, bila kuvuja damu, hakituzuii. Damu ikiwa imevuja ndani ya kichwa na moyo bado unavumilia, ni bora kungoja kama mwezi mmoja. Moyo usipovumilia, uamuzi ukae mezani kwa watu wote: mpasuaji, wa moyo, wa ubongo na wa usingizi, na familia iambiwe wazi kinachochaguliwa.

Figo huwa zimeumia kwa gentamaisini, kwa moyo kushindwa, au kwa vipande vilivyokwama humo. Kreatinini ndiyo itakayotuongoza kwenye asidi ya traneksamiki, ya kupunguza kuvuja damu, na milrinoni, ya kuupa moyo nguvu, dawa mbili zinazolundikana figo zikilala. Himoglobini mara nyingi ni 8 au chini yake. Na hapa kwetu kuna vipimo viwili ambavyo vitabu vya mbali havivikazii: selimundu, na G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Mwenye selimundu asiyejulikana, ukimpoza kwenye mashine ya moyo na mapafu na asidi ikapanda, seli zitajikunja. Timu ikijua mapema inapanga joto na damu ya kubadilisha. G6PD nitaeleza sababu yake mbele. Vipimo vyote viwili vichukuliwe siku mgonjwa anapopokelewa wodini, maana usiku wa dharura hakuna atakayevikimbilia.

Sasa valvu zenyewe. Nitakaa zaidi kwenye valvu ya aota inayovuja ghafla, maana ndiyo inayoua wakati wa kulaza.

Mtu ambaye valvu ya aota imevuja kwa miaka kumi, ventrikali yake ya kushoto, chemba inayosukuma damu mwilini, imetanuka, inabeba damu nyingi, na mapigo yake yanaruka kwa nguvu kama tulivyofundishwa. Huyu wa maambukizi, valvu imetoboka wiki iliyopita. Ventrikali ni ya ukubwa wa kawaida, haijazoea. Damu inaporudi nyuma, shinikizo ndani yake hupanda haraka mpaka likaribiane na lile la aota. Ukimwangalia kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, utaiona valvu ya mitrali, ile ya kuingilia ventrikali hiyo, inajifunga mapema, kabla ventrikali haijaanza kukamua, kwa sababu shinikizo la ndani limeshazidi. Ukiona hivyo, jua hakuna akiba iliyobaki. Mapigo hayaruki, mlio wa valvu ni mfupi na hafifu, na aliyesoma kitabu peke yake atasema uvujaji ni mdogo.

Tazameni hesabu. Misuli ya moyo hupata damu kwa tofauti kati ya presha ya chini ya aota na shinikizo la ndani ya ventrikali wakati moyo umepumzika. Presha ya chini ikiwa 40 na shinikizo la ndani 30, zinabaki milimita 10 za zebaki za kulisha moyo mzima. Sasa mapigo yashuke kutoka 110 hadi 70. Muda wa moyo kupumzika kati ya pigo na pigo unakaribia kuwa maradufu, na muda wote huo valvu iko wazi, damu inarudi, presha ya chini inashuka, shinikizo la ndani linapanda. Zile 10 zinakwisha. Moyo unakaa kimya, na kukandamiza kifua hakusaidii sana mtu ambaye damu yake inarudi ilikotoka.

Kwa hiyo mapigo ya 90 hadi 110 ni rafiki yake. Asipewe dawa ya kupunguza mapigo ati kwa kuwa moyo unakimbia. Finilefrini peke yake kwa sindano ya haraka ni hatari kwake: inakaza mishipa, damu inasukumwa kurudi, na mwili unajibu kwa kushusha mapigo. Noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa, kidogo kidogo, au adrenalini kidogo, ni bora. Puto la ndani ya aota halimfai kabisa, kwani linapojaa wakati moyo umepumzika linarudisha damu kwenye ventrikali.

Mitrali inayovuja hutaka karibu mambo yale yale: mapigo ya haraka kiasi, mishipa isikazwe kupita kiasi, na mapafu yasinyimwe hewa. Mitrali iliyobana ni kinyume chake, inataka mapigo 60 hadi 80 ili damu ipate muda wa kupita. Ukipewa mgonjwa mwenye mitrali iliyobana kwa baridi yabisi na valvu ya aota iliyotobolewa na vijidudu, usitafute namba nzuri kwa zote, haipo. Muulize aliyefanya eko ni ipi inayomfanya leo ashindwe kupumua, uifuate hiyo, na ile nyingine uilinde kwa kiasi. Mara nyingi utaishia 80 hadi 90, huku ukilinda mdundo wa kawaida kwa kila njia. Mdundo ukivurugika na presha ikashuka, mshtue mapema.

Tuje kwenye meza ya dawa. Nachukua mgonjwa wa kilo 50, maana wengi wao wamekonda. Noradrenalini miligramu 4 kwenye bomba la mililita 50, yaani mikrogramu 80 kwa kila mililita. Kwa kilo 50, mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika ni mililita 3.75 kwa saa. Andika namba hiyo kwa kalamu nene kwenye plasta juu ya pampu. Aliyeitwa kusaidia katikati ya vurugu hana muda wa kupiga hesabu. Toa mililita 1 ya bomba hilo, uichanganye kufikia mililita 10, unapata mikrogramu 8 kwa mililita ya kusukuma kwa mkono, nusu mililita hadi moja kwa wakati. Adrenalini nayo, miligramu 1 ndani ya mililita 100, ni mikrogramu 10 kwa mililita. Vasopresini, nyingine ya kukaza mishipa, iwe imeshavutwa. Atropini, ya kuharakisha mapigo, iwepo. Kila bomba liwe na jina na kipimo chake. Chupa mbili za dawa tofauti zinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa maandishi madogo.

Damu iwe ndani ya chumba cha upasuaji, kwenye boksi lake la baridi: angalau chupa 4 zilizolinganishwa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 tu, hivyo benki ya damu iambiwe tangu jana yake. Mwite mpasuaji awe amevaa glavu, na mwenye mashine awe ameshaijaza na kuiondoa hewa, kabla hujashika dawa ya kwanza. Huko si kuwasumbua wakubwa. Moyo ukisimama wakati wa kulaza, njia pekee ya kumwokoa mwenye valvu ya aota iliyotoboka ni kuingia mashine haraka, na muda wa kumtafuta mtu kantini haupo.

Mrija wa ateri uwekwe akiwa macho, kwa ganzi ya lidokeini chini ya ngozi. Kwa huyu sioni sababu ya kukubali kumlaza bila huo mrija. Kanula mbili nene mikononi. Mrija mkubwa wa shingoni unaweza kungoja alale, kwa kuwa kumlaza kichwa chini akiwa macho kutamzamisha kwa maji ya mapafu yake mwenyewe. Noradrenalini ipite kwenye kanula nene ya mkononi, sehemu inayoonekana, kwa muda huo mfupi.

Anabaki ameketi nusu. Oksijeni kwa barakoa dakika tatu na zaidi. Noradrenalini inaanza kukimbia kabla ya usingizi, mikrogramu 0.03 hadi 0.05 kwa kilo kwa dakika. Kisha fentanili, ya maumivu, mikrogramu 2 hadi 3 kwa kilo, taratibu. Ketamini, ya usingizi, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, yaani 25 hadi 50 kwa mgonjwa wetu. Halafu rokuroniamu, ya kulegeza misuli, miligramu 1 kwa kilo. Etomideti miligramu 0.2 kwa kilo, badala ya ketamini, nayo ni nzuri kwa presha, ila hata dozi moja hukandamiza tezi za adrenali, na kwa mwenye maambukizi mimi naipa nafasi ya pili. Propofoli kwa dozi ya kawaida isiguswe.

Ketamini isiaminiwe kupita kiasi. Inainua presha kwa kukamua adrenalini ya mgonjwa mwenyewe, na huyu ameshaikamua kwa wiki mbili. Akiba ikiwa imekwisha, ketamini hubaki na tabia yake nyingine, ya kuufifisha moyo. Ndiyo maana noradrenalini inatangulia.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Damu yake inazunguka polepole. Dawa iliyoingia mkononi inaweza kuchukua dakika moja na nusu kufika kichwani. Anayeona mgonjwa bado amefumbua macho baada ya sekunde 40 anaongeza dozi, kisha dozi zote mbili zinafika pamoja. Subiri. Angalia mstari wa ateri, usiangalie saa tu. Presha ya kati, yaani ya wastani, ikielekea chini ya 65, sukuma noradrenalini kabla haijafika.

Baada ya kuweka mrija wa hewa, kumbuka alikuwa anahema mara 32 kwa dakika kwa sababu fulani. Ukimpangia mashine ya kupumulia mara 12 kwa dakika, kabonidayoksaidi itapanda, asidi itapanda, mishipa ya mapafu itabana na upande wa kulia wa moyo utalemewa. Mpe pumzi za kutosha, pima gesi za damu mapema, na shinikizo la mwisho wa pumzi liwe dogo, 5 hivi, mpaka uone presha inavumilia.

Mrija wa shingoni sasa, kwa ultrasaundi. Kama kibonge kiko kwenye trikuspidi, waya wa kuongozea usipite sentimita 15, na katheta ya ateri ya mapafu isiwekwe. Waya unaochezea ndani ya chemba ya kulia unaweza kukiangusha kibonge kwenye mapafu. Katheta ya zamani ya kusafishia damu isitumike kama njia yetu. Huenda ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Eko ya kwenye umio iingizwe kwa jeli nyingi na mkono mwepesi, kabla ya heparini. Inajibu maswali ambayo mpasuaji atayahitaji baada ya dakika 20: kibonge bado kipo au kimeshaondoka? Valvu imetoboka wapi? Kuna jipu, kuna njia iliyochimbwa kati ya aota na chemba nyingine? Valvu ya pili imepata kidonda pale damu inayovuja inapoigonga? Kila mara kuna cha kuongeza kwenye eko ya wodini, na mpango wa upasuaji hubadilika. Sema kwa sauti.

Antibiotiki mara nyingi husahaulika humu katikati. Mgonjwa yuko kwenye dozi zake za matibabu, na zamu ya saa sita mchana inamkuta mezani. Dozi hiyo ni yetu. Juu yake ipo kinga ya upasuaji, sefazolini gramu 2 kabla ya kisu na tena kila saa 4, au mapema zaidi damu ikimwagika nyingi. Vankomaisini miligramu 15 kwa kilo ipite kwa saa nzima au zaidi; ikikimbizwa mishipa hufunguka, ngozi inawiva, presha inaanguka, na utadhani ni moyo. Aliyekuwa kwenye gentamaisini, dawa ya kulegeza misuli itakaa kwake muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Asidi ya traneksamiki ianze: miligramu 10 kwa kilo, kisha 1 kwa kilo kwa saa. Figo zikiwa mbovu, usipandishe, kwa sababu dozi kubwa huleta degedege baada ya upasuaji, na degedege kwa mtu aliyekuja na vipande kwenye ubongo litawachanganya wote.

Heparini yuniti 400 kwa kilo, kwa mgonjwa wetu 20,000. Pima muda wa kuganda baada ya dakika 3 hadi 5. Tunataka upite sekunde 480. Kwa wenye maambukizi mara nyingi haupiti. Antithrombini, protini ambayo heparini hufanya kazi kupitia kwake, imeliwa na ugonjwa. Ongeza heparini mpaka jumla ya yuniti 500 hadi 600 kwa kilo. Ikigoma bado, tatizo ni antithrombini, na kumwaga heparini zaidi hakutasaidia. Mpe antithrombini yenyewe kama ipo, au plazima chupa 2. Asiingie mashine kwa matumaini.

Piga hesabu ya damu na mwenye mashine. Kilo 50 ana damu kama lita 3.5. Himoglobini 8. Mashine imejazwa maji lita 1.2. Vikichanganyika unapata karibu 6. Hiyo ni ndogo mno kwa ubongo ulioumia, basi chupa moja au mbili za damu ziingie kwenye mashine tangu mwanzo.

Valvu ya aota inayovuja ina mtego mwingine hapa. Akipozwa na moyo ukaanza kutetemeka kabla aota haijabanwa, ventrikali haikamui, na mashine inasukuma damu kwenye aota inayorudi ndani yake. Ventrikali inavimba kama mpira. Mpasuaji anaweza asione kwa nje. Wewe unaona kwenye eko. Mwambie papo hapo, aweke mrija wa kunyonya au abane aota. Dawa ya kusimamisha moyo nayo haiwezi kupitishwa kwenye shina la aota kwa valvu isiyofunga. Itapita moja kwa moja kwenye midomo ya mishipa ya moyo, au kwa kurudi nyuma kupitia sainasi ya koronari, mshipa unaorudisha damu ya misuli ya moyo.

Akiwa kwenye mashine, aisofureni, mvuke wa usingizi, ipite kwenye gesi ya mashine, asije akaamka. Presha ya kati 65 na zaidi kwa mwenye ubongo ulioguswa. Sukari chini ya milimoli 10 kwa lita.

Kutoka kwenye mashine ndiyo safari ya pili ngumu. Joto 36 na nusu, potasiamu sawa, mapafu yanapumua, waya za kuchochea moyo zimeshonwa chemba za juu na za chini na kujaribiwa. Aliyetolewa jipu la aota, chukulia umeme wake umekatika. Anza na kuchochea 80 hadi 90. Hewa iliyobaki ndani hupenda mshipa wa koronari wa kulia, ulio mbele juu mgonjwa akilala: ECG inainuka sehemu za chini na upande wa kulia unalegea ghafla. Inua presha, rudi mashine dakika chache, mara nyingi hupita.

Kisha mishipa hulegea. Hali hiyo, vasoplejia, kwa wagonjwa hawa ni ya kutarajiwa, kwa kuwa maambukizi na mashine vyote vinafungua mishipa. Kabla hujaiita hivyo, hakikisha mambo mawili. Kwanza, mrija wa ateri wa mkononi baada ya mashine ya muda mrefu unaweza kusoma chini sana kuliko ukweli. Mpasuaji aguse aota, au aweke sindano na kupima hapo. Pili, angalia eko: ventrikali inakamua vizuri? Ikiwa inakamua na presha bado ni 50, ni mishipa. Noradrenalini ipande, ikifika mikrogramu 0.2 hivi kwa kilo kwa dakika ongeza vasopresini yuniti 0.03 kwa dakika, usingoje mpaka noradrenalini iwe 0.5. Haidrokotisoni miligramu 50 kila saa 6, hasa aliyepewa etomideti.

Ikigoma, kuna methilini bluu, dawa nyingine ya kukaza mishipa, miligramu 1.5 hadi 2 kwa kilo ndani ya deksitrosi ya asilimia 5, kwa nusu saa. Mwenye upungufu wa G6PD, dawa hii hupasua seli zake nyekundu, na upungufu huo ni wa kawaida kwenye nchi zenye malaria kama yetu. Ndiyo sababu ya kipimo kile cha siku ya kwanza. Asipewe pia anayetumia dawa za sonona za kundi la serotonini. Kipimo cha kidoleni kitasoma oksijeni ya chini kwa dakika kadhaa na mkojo utageuka kijani; mwambie muuguzi mapema, asihangaike na mashine ya kupumulia bila sababu.

Ventrikali ikiwa dhaifu, adrenalini mikrogramu 0.02 hadi 0.1 kwa kilo kwa dakika, na milrinoni bila dozi ya kuanzia, maana dozi hiyo itamwangusha.

Protamini, ya kuzima heparini, miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini ya kwanza, au pungufu kidogo, kwa dakika 10 hadi 15, na kanula ya aota ibaki mpaka uone amevumilia. Halafu damu itaendelea kuchuruzika. Tishu zenye usaha hazishiki uzi vizuri, na chembe sahani zimechoka. Fuata mpangilio: kwanza joto, asidi na kalsiamu, kalsiamu ioni isishuke chini ya milimoli 1.1 kwa lita, kisha hakikisha heparini imekwisha, kisha chembe sahani, fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) au kraiopresipiteti, zao la damu lenye protini hiyo, ikiwa fibrinojeni iko chini ya gramu 1.5 hadi 2 kwa lita, na plazima. Ikishindikana, kufunga kifua siku ya pili kwa pamba zilizohesabiwa ni uamuzi wa busara.

Kule ICU tusimkabidhi kwa sentensi moja. Muuguzi anayempokea aambiwe kiwango cha kuchochea moyo na kiasi cha umeme kinachotosha kuukamata, dozi ya noradrenalini kwa mikrogramu na kwa mililita, saa ya antibiotiki ijayo, hali ya mboni kabla ya upasuaji, na kiasi kilichotoka kwenye mirija ya kifua. Mililita 200 kwa saa zinazoendelea, mwite mpasuaji. Mrija uliokuwa unatoa vizuri ukikauka ghafla huku presha inashuka na shinikizo la shingoni linapanda, mwite haraka zaidi, damu imejikusanya kuzunguka moyo.

Na ile valvu iliyotolewa isibaki kwenye bakuli. Igawanywe vyombo viwili: kimoja kisafi chenye maji ya chumvi kidogo kwa ajili ya kuotesha vijidudu, kingine chenye fomalini kwa patholojia. Ikiwekwa yote kwenye fomalini, vijidudu vimekufa na jibu limepotea, kwa mgonjwa ambaye damu yake haikuotesha kitu tangu mwanzo. Jibu la valvu likionyesha vijidudu hai, dozi kamili ya antibiotiki inahesabiwa upya kuanzia siku ya upasuaji. Lisipoonyesha, inahesabiwa tangu siku alipoanza dawa iliyomfaa. Jina, namba ya faili na saa viandikwe kwenye vyombo vyote viwili kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuvipeleka maabara.